Nyumba ya Mtoto Mwenye Pumu



Somo letu la toleo hili si la darasani, ingawa tutalifundisha kwa desturi tuliyoizoea chuoni: kwanza tutazame, kisha tuulize, ndipo tutende. Linahusu mtoto mdogo mwenye pumu na nyumba anamolala. Akina mama kadhaa wa mtaa wetu wametuomba tuliandike, kwa kuwa wanajua tunalea mjukuu mwenye ugonjwa huo, na wanajua pia jinsi tulivyohangaika naye mwaka wa kwanza.

Mjukuu wetu aliletwa kwetu hapa Bariadi akiwa na miaka mitatu. Usiku mmoja wa mwezi wa saba, katika ile baridi ya alfajiri mnayoijua, alianza kukohoa. Sisi kwa kumpenda tulifanya mambo matatu. Tulifunga dirisha. Tulimfunika blanketi zito lililokuwa limelala sandukuni miaka mingi. Kisha tukaingiza jiko la mkaa chumbani ili apate joto. Yote matatu yalikuwa makosa, na hilo la tatu lingeweza kutuua sote, maana mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Ilipofika saa kumi mtoto alikuwa hawezi kumaliza neno. Alitaka kusema "Babu". Akasema "Ba", akavuta pumzi kwa nguvu mpaka mbavu zikaonekana, ndipo akasema "bu". Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki ya jirani, akiwa amebanwa katikati yetu.

Alipopata nafuu, muuguzi alituuliza: "Mwalimu, huyu mtoto analala wapi, na ninyi mnapikia wapi?" Twakiri kwamba swali hilo lilituudhi. Tulikuwa tumekuja kutafuta dawa, naye anatuuliza habari za jikoni! Lakini lilikuwa swali la mwalimu hasa, na somo hili lote ni jibu lake.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mirija inayopeleka hewa mapafuni ina utando mwororo ndani yake. Kwa mtoto mwenye pumu utando huo huwa umevimba kidogo hata siku anapocheza vizuri. Hapo ndipo wengi hukosea: humwona mzima, kumbe uvimbe umelala tu. Kikija kitu cha kuuchokoza, misuli inayoizunguka mirija hujikaza, utando huvimba zaidi, na ute mzito huziba nafasi iliyobaki. Hewa huingia kwa taabu na hutoka kwa taabu zaidi, ndiyo maana kifua hupiga mluzi. Mirija ya mtoto mdogo ni myembamba tangu mwanzo, kwa hiyo uvimbe ambao mtu mzima angeuvumilia, kwake ni hatari. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo mwaka ule.

Pumu haiambukizi. Tumeona nyumba ambamo mtoto ametengewa kikombe chake na kulazwa peke yake, kana kwamba ana kifua kikuu. Tafadhali mwacheni alale na ndugu zake. Wala pumu si mkono wa mtu. Tunalisema hili wazi, maana katika Usukuma wetu kuna mama aliyewahi kutazamwa vibaya na ukoo kwa sababu tu kifua cha mtoto wa jirani kimebana.

Ila si kila kifua kinachopiga mluzi kina pumu. Mtoto mwenye homa na pumzi za haraka huenda ana nimonia. Mtoto aliyeanza kubanwa ghafla akiwa anatafuna karanga huenda amevuta karanga kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo kazi ya kuutambua ugonjwa tuwaachie wataalamu wa zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Somanda. Kazi yetu sisi ni nyumba.

Tuliporudi nyumbani tulichukua daftari la kurasa arobaini na mbili na kulichorea mistari, kama daftari la mahudhurio. Kila mtoto alipokohoa au kubanwa tuliandika saa, mahali alipokuwa, na jambo lililokuwa likifanyika karibu naye. Haikuhitaji elimu kubwa. Kijana wa darasa la nne aweza kuifanya. Baada ya wiki tano tulihesabu alama. Nyingi zilikuwa za usiku wa manane, akiwa kitandani. Fungu la pili lilikuwa la saa kumi na mbili jioni, ugali unaposongwa. Fungu la tatu lilikuwa la asubuhi, wakati wa kufagia. Nyingine zilifuata mafua, na kwa watoto wadogo mafua ndiyo mchokozi mkubwa kuliko wote. Mafua hatuwezi kuyafukuza kabisa, ingawa kunawa mikono na kutomlaza mtoto huyu kando ya mwenye mafua husaidia.

Kila nyumba ina wachokozi wake. Katika nyumba moja ni moshi, katika nyingine ni vumbi la godoro. Ndiyo sababu twawasihi msinakili mambo yetu kabla ya kuandika daftari lenu.

Twende sasa chumbani, kwenye zile alama nyingi za usiku. Mtoto hulala saa tisa au kumi, pua na mdomo vikiwa vimegusa mto. Katika mito, magodoro na mablanketi huishi wadudu wadogo mno wa jamii ya utitiri, wasioonekana kwa macho. Hawang'ati. Hula magamba madogo ya ngozi yetu yanayodondoka, na hupenda mahali penye joto na unyevu. Kinachomchokoza mtoto ni hasa kinyesi chao, ambacho hukauka na kuwa unga mwepesi wa kuvutwa puani. Wataalamu wa Leiden, Uholanzi, ndio walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba wadudu hawa ni sababu kubwa ya vumbi la nyumbani kuwasumbua wenye pumu.

Tulitoa chumbani lile blanketi la sandukuni. Mto wa mtoto, ambao Bibi yake aliushona mwenyewe na kuujaza pamba ya shambani, tuliutoa pia, na halikuwa jambo rahisi, maana ulishonwa kwa upendo. Godoro tulilivisha mfuko wa nailoni mzito, juu yake shuka. Mashuka na foronya tunafua kila wiki kwa maji ya moto sana, tena tunaanika juani mpaka yakauke kabisa. Maji ya baridi huondoa uchafu lakini wadudu wale huwaacha hai. Jua letu la Simiyu, ambalo twalilalamikia kila mwezi wa tisa, hapa ni rafiki: toa godoro nje, liegemeze ukutani tangu asubuhi, uligeuze mchana. Likaushe, ulipigepige nje, mbali na mtoto.

Hapa Bariadi pana jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji, nalo ni pamba yenyewe. Wakati wa mavuno, kabla ya siku ya kupeleka chama cha msingi, pamba mbegu hurundikwa wapi? Mara nyingi ndani ya nyumba, katika chumba cha watoto, kwa kuwa ndicho kikavu na chenye mlango unaofungika. Na watoto hulala juu yake! Tulilala hivyo sisi wenyewe utotoni, na tulikuona ni kulala kitajiri. Lakini pamba iliyotoka shambani ina vumbi, vipande vya majani makavu, na huenda mabaki ya dawa iliyopuliziwa. Kwa mtoto mwenye pumu ni kitanda kibaya kuliko vyote. Kama hakuna ghala, basi na mhame vyumba: pamba ilale chumba cha wazazi, mtoto alale pengine. Na kazi ya kuichagua isifanyikie ndani.

Tukiwa bado kwenye pamba, tuseme habari ya dawa za shambani. Tumezikuta chupa zake chini ya vitanda, na bomba la kupulizia nyuma ya mlango. Wapo hata wanaopulizia dawa ya pamba magodoroni ili kuua kunguni. Ndugu, hiyo ni sumu kwa mtu yeyote, na kwa mtoto mwenye pumu ni sumu mara mbili. Iwekwe nje ya nyumba ya kulala, ifungiwe kwa kufuli, na nguo za kupulizia zisiingie chumbani.

Sasa jikoni. Wazee wetu wanakumbuka jinsi vichaka vilivyofyekwa enzi za ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, na jinsi nchi ilivyobaki wazi. Mpango wa HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ikiwa bado wilaya ya Shinyanga, ulitusaidia kuzirudisha ngitili, lakini kuni bado ni haba, na nyumba nyingi hupikia miti ya pamba iliyong'olewa na samadi kavu. Vitu hivi huwaka upesi na kutoa moshi mwingi. Ongezeni jiko la mafiga katika kibanda chenye mlango mmoja, na mtoto mgongoni mwa mama au ameketi kando ya moto akisubiri hindi lichomeke. Saa moja hapo ni saa moja ya kuvuta moshi.

Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Ni jambo jema. Mwenye uwezo na anunue mtungi wa gesi, hata ule mdogo wa kilo sita, na autumie. Twasema autumie kwa sababu tumeona mitungi iliyovikwa kitambaa na kuwekwa sebuleni kama pambo la wageni, huku moshi ukifuka uani kama kawaida.

Lakini mtoto hawezi kungoja mpaka mwaka 2034. Kwa asiye na gesi, jambo la kwanza halina gharama: mtoto asikae jikoni. Mama anapopika, mtoto awe na mtu mwingine, upande upepo unakotoka. Nyumbani kwetu kazi hiyo ni ya Babu, na hapo ndipo hadithi zote za sungura na fisi husimuliwa. Jambo la pili, pikieni nje siku zisizo na mvua. Kama ni kibanda, toboeni matundu mawili juu karibu na paa, yakielekeana, moshi upate njia. Kuni zipasuliwe na kukaushwa, maana kuni mbichi ni moshi mtupu. Choroko, dengu na maharage yalowekwe tangu jana yake, sufuria lifunikwe. Chakula kikiiva mapema, moto nao huzimwa mapema. Na jiko la mkaa lisiingie kamwe katika chumba cha kulala. Mtoto akiona baridi, avishwe sweta na soksi.

Kuhusu kufagia: ufagio mkavu juu ya sakafu kavu haufukuzi vumbi, huliamsha tu. Nyunyiza maji kwanza, au pitisha kitambaa kibichi, mtoto akiwa nje, naye asirudi mpaka vumbi litulie. Hili lahusu kanisa letu pia. Jumapili asubuhi tumeona vijana wakifagia kwa bidii huku watoto wa shule ya Jumapili wameshaketi mbele. Wazee wa kanisa wakipenda, kazi hiyo na ifanyike Jumamosi jioni, kwa maji.

Mengine tuyapitie upesi. Dawa ya mbu ya kuchoma ni moshi pia. Tumia chandarua, kikifuliwa mara kwa mara. Kuku na ndama wasilale chumba kimoja na mtoto. Mende nao huchokoza pumu kwa kinyesi chao, kwa hiyo michembe, matobolwa na unga vitunzwe katika vyombo vyenye vifuniko, na michembe iliyoota ukungu itupwe. Manukato, udi na rangi mbichi tuvitazame kwa daftari. Takataka, na miti ya pamba inayochomwa baada ya mavuno, zichomwe mbali na makazi, siku ambayo upepo hauelekei nyumbani.

Tumbaku ilitupa shida kuliko moshi wa kuni. Si yetu, maana hatuvuti. Ni ya mzee wa ukoo wetu, ambaye kwa heshima yake hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Akija, huketi sebuleni na kuwasha. Tulishauriana, kisha tukahamishia kiti chake cha heshima chini ya mwembe, na chai ikapelekwa huko. Safari ya tatu aliuliza: "Ng'wanawane, mbona siku hizi nafukuzwa nyumbani?" Tukamweleza habari ya ule usiku wa mwezi wa saba. Alinyamaza kitambo. Sasa akifika huzima mwenyewe langoni, na huwakaripia vijana wanaovuta karibu na mtoto kuliko ambavyo sisi tungeweza. Moshi hukaa hata katika nguo, kwa hiyo "navuta nje" ni afadhali, lakini si dawa kamili.

Je, mambo haya yote humponya mtoto? Hapana, na asiwadanganye mtu. Kufanya jambo moja tu, kwa mfano kuvisha godoro mfuko peke yake, mara nyingi huleta nafuu ndogo. Nafuu huja mambo kadhaa yakifanywa pamoja, tena pamoja na dawa. Dawa za kuvuta ni za namna mbili. Moja hufungua mirija mtoto anapobanwa, nayo mara nyingi ina kichupa cha buluu. Nyingine hutuliza ule uvimbe uliolala, na mtoto aliyeandikiwa huitumia kila siku, hata akiwa mzima, kisha husukutua au hupewa maji. Wengi huacha ya pili mtoto anapochangamka, wakisema "itamzoesha". Dawa hizi hazimfanyi mtoto kuwa mtumwa wake. Nyumba safi haiziondoi. Daktari ndiye apunguzaye.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye kichupa. Dawa huishia ulimini. Huhitaji chombo cha kupitishia, na madukani ni ghali. Lakini mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti katika jarida la Lancet ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuzunguka mdomo wa kichupa cha dawa, iliwafaa watoto sawa na chombo cha dukani. Sisi tulitumia chupa ya maji tuliyookota nyumbani. Chupa ioshwe kwa sabuni na kuachwa ikauke yenyewe. Mtoto huweka mdomo wake kwenye mdomo wa chupa, dawa hupulizwa mara moja, naye huvuta pumzi tano au sita kwa utulivu kabla ya mpulizo unaofuata. Idadi ya mipulizo ni ile aliyoandikiwa. Muuguzi aione chupa yenu kwanza, na kwa mtoto mdogo zaidi aseme kama anahitaji barakoa yake.

Ukiona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta, pua zinatanuka, hawezi kunyonya, kunywa wala kusema, midomo imekuwa ya kijivu au buluu, au amelegea na kusinzia, usingoje kupambazuke. Mpe dawa ya kufungua mirija, mshike ameketi wima, nenda. Mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, si nafuu hiyo. Hewa haipiti tena. Na nauli ya usiku iwekwe akiba mahali panapojulikana na wote wa nyumbani.

Tumalizie kwa deni letu la ualimu. Tulipoanza kazi miaka ya themanini, alikuwapo mvulana aliyesimama kila siku katikati ya mchakamchaka, ameshika magoti. Tulimwita mvivu, tukampa adhabu ya kuzunguka uwanja tena. Leo twajua alikuwa na nini. Mtoto mwenye pumu asikatazwe kucheza. Aliyetunzwa vizuri hukimbia kama wenzake, ila apumzike anapochoka, na mwalimu ajue dawa yake iko wapi.

Mjukuu wetu sasa ana miaka mitano na ameanza darasa la awali. Kabla ya shule kufunguliwa tulikwenda na ile chupa kumwonyesha mwalimu wake namna ya kuitumia. Naye akatuonyesha chupa nyingine mbili kabatini, za watoto wa nyumba nyingine. Daftari letu mwezi uliopita lilikuwa na alama nne. Tatu ni za mafua. Ya nne ni ya jioni moja mvua iliponyesha, tukapikia ndani, naye akaponyoka mikononi mwa Babu kwenda kudai hindi lake.